Theluji, Chumvi na Simbi: Wapagazi mbele ya Milima Myeupe, 1848-1908

Neno theluji tumelipata kutoka Kiarabu, na barafu kutoka Kiajemi. Yote mawili yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari, yakapokelewa na watu wa pwani ambao wengi wao hawakupata kuona kamwe kitu chenyewe. Hata leo mwanafunzi wa Kisangani au wa Lubumbashi hulijua neno theluji kwa kulisoma, pengine katika Biblia, kitabu cha Isaya, kabla ya kulisikia mahali pengine popote. Ilhali theluji iko kwetu. Huonekana Ruwenzori, nyuma ya Beni na Mutwanga, na mara kwa mara huanguka juu ya Karisimbi, mlima ambao mtu wa Goma huuona asubuhi mawingu yakitawanyika.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi watu waliosema Kiswahili cha misafara walivyokutana na theluji hiyo, waliiitaje, na iliwafanya nini. Watu hao walikuwa wapagazi. Vitabu vya wasafiri vimewataja kwa wingi, lakini mara nyingi kama mizigo inavyotajwa, yaani kwa hesabu.

Tuanze mbali kidogo, Kilimanjaro, kwa kuwa ndiko swali lenyewe lilikoandikwa kwanza. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani ya Mombasa kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya kilele. Akamuuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, weupe ule ni kitu gani. Kwa mujibu wa Rebmann, Bwana Kheri hakuwa na hakika, akadhani kuwa ni baridi. Wataalamu wa Ulaya waliosoma habari ile walibishana miaka mingi: W. D. Cooley, aliyekuwa London na hakupata kufika Afrika ya Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Jibu la Bwana Kheri halikumshughulisha mtu. Nasi twaona kuwa lilikuwa jibu zuri kuliko la Cooley. Mtu asiye na jina la kitu alikitaja kwa kile anachokitenda mwilini. Rebmann alisikia pia kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakachunguze weupe ule, ambao wengine waliudhania kuwa fedha, na kwamba alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Wachagga wenyewe hawakuwa na haja ya kubahatisha. Walikuwa na jina lao, kibo, na kwa jina hilo kilele kinaitwa hadi leo.

Miaka 40 baadaye swali lile lile likazuka upande wetu. Mwezi wa Aprili 1888 Jephson na Parke, maofisa wa msafara wa Stanley uliokuwa ukimtafuta Emin Pasha, waliona kwa mbali mlima wenye theluji, na Stanley hakuwasadiki. Tarehe 24 Mei mwaka uleule, karibu na Ziwa Albert, mtoto mmoja wa msafara alimwonyesha Stanley mlima ambao, alisema, umefunikwa na chumvi. Jina la mtoto halikuandikwa. Lakini neno lake limebaki, na linafaa kutafakariwa na yeyote anayesoma historia ya biashara ya nchi hizi, kwani chumvi ya Katwe, chini ya mlima huohuo, ilitafutwa na watu kutoka pande zote za Ziwa Edward. Katika bonde la Semliki, kitu cheupe chenye thamani kilichotoka upande ule wa mlima kilikuwa chumvi. Mtoto hakukosea sana. Alitumia elimu ya soko.

Wenyeji wa mlima hawakusema chumvi. Wanande, ambao upande wa Uganda huitwa Wakonzo, wana neno nzururu, na Rwenzururu kwao ni mahali penye theluji. Ni jina hilo ambalo mwaka 1962 lilichukuliwa na harakati ya Isaya Mukirane dhidi ya ufalme wa Toro. Katika imani yao theluji ni makao ya Kitasamba, na mtu haendi kule juu bila sababu. Wawindaji walipanda sana, wakifuata pelele katika miamba, wakajifunika ngozi za wanyama hao na kulala chini ya majabali pamoja na moto. Msomaji alishike jambo hili la ngozi, jabali na moto, maana tutalirudia.

Mwezi wa Juni 1889 Stanley alimtuma luteni Stairs apande Ruwenzori kutoka upande wa magharibi, pamoja na Wazanzibari wapatao 40. (Ni Stairs yuleyule ambaye mwaka 1891 alikuja Katanga, na katika msafara wake Msiri akauawa.) Walifika kiasi cha meta 3,250. Mabonde yenye kina kirefu yakawazuia, na chakula hakikutosha. Wakarudi bila kugusa theluji. Waliokuwa wamebeba mizigo walikuwa watu wa kisiwa ambacho kilima chake hakifiki meta 150, nao walivaa nguo za pamba. Kwa bahati njema walirejea.

Wale wa Karisimbi hawakurejea wote.

Mlima huo una meta 4,507, nao ni mrefu kuliko volkeno zote za Virunga. Jina lake hufasiriwa kutokana na isimbi, yaani simbi, kauri nyeupe, kwa sababu ya weupe unaotokea kileleni. Ni weupe wa kupita tu, kwani Karisimbi haina theluji ya kudumu kama Ruwenzori. Huanguka usiku au wakati wa tufani, na mara nyingi jua la siku mbili humaliza yote. Hapa inafaa kueleza kidogo kuhusu majira. Katika vitabu vya shule neno vuli hutumiwa kufasiri msimu wa Ulaya ambapo majani hupukutika na milima hupata theluji ya kwanza. Kwetu hakuna msimu huo. Vuli ni mvua. Theluji ya ikweta haina mwanzo wa mwaka ambao mtu aweza kuungoja, bali huja na wingu, hata asubuhi ikiwa nyeupe na safi. Hewa hupoa kwa kadiri ya nusu digrii au zaidi kidogo katika kila meta 100, kwa hiyo kutoka ufuko wa Kivu hadi kilele cha Karisimbi mtu hupoteza takriban digrii 18. Mahali pa digrii 20 panakuwa mahali pa digrii 2, bila kuhesabu upepo.

Mwaka 1908 mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, wa msafara wa Adolf Friedrich, Duke wa Mecklenburg, alikuwa akipima volkeno hizo. Mpaka kati ya nchi ya Mjerumani na Kongo ulikuwa bado unagombaniwa. Ulikatwa katika mapatano ya mwaka 1910. Vilele na mashimo ya volkeno vilipewa majina haraka. Shimo moja pana la Karisimbi liliitwa Branca, kwa heshima ya profesa wa jiolojia wa Berlin. Huko, juu kabisa ya msitu, wapagazi wa Kirschstein walikumbwa na tufani: mvua ya mawe kwanza, kisha theluji, na ukungu uliofunika njia. Watu 20 walikufa kwa baridi. Habari hiyo imo katika kitabu cha Duke kilichotolewa mwaka 1909, nacho kinatupa idadi tu ya waliokufa, si majina yao.

Tunalotaka kulipinga ni maelezo ya sababu. Katika masimulizi ya tukio hilo, wapagazi wanaonekana kama watu walioachilia roho zao wenyewe: wakatupa mizigo, wakalala chini katika maji, wakakataa kuinuka, wakiona kuwa ndiyo amri ya Mungu. Picha hii imepokelewa na waandishi wengine waliofuata, na imetumiwa kama ushahidi wa tabia: Mwafrika hukata tamaa, Mzungu hupambana. Lakini udaktari wa leo unajua vema hali hiyo. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35 mtu hutetemeka sana. Likiendelea kushuka, kufikia 32 hivi, kutetemeka hukoma, akili huchanganyikiwa, na mtu hutaka kulala tu. Haitikii amri, hajali. Ndivyo wafavyo pia wapanda milima wa Uswisi wakiloa na kukosa hifadhi. Kinachoitwa kukata tamaa, basi, ni dalili ya ugonjwa iliyosomwa kama dosari ya tabia.

Yatupasa pia kuuliza wafu wale walikuwa wamevaa nini. Nguo ya pamba ikilowa hunyonya joto la mwili badala ya kulihifadhi. Mzigo wa mpagazi katika misafara ile ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na aliyeubeba alipanda akitoka jasho, tayari amelowa kabla ya mvua kuanza. Mizigo ilikuwa na mahema na mablanketi, lakini si ya aliyeibeba. Tuwakumbuke sasa wawindaji wa Ruwenzori na ngozi zao za pelele. Maarifa ya kukaa katika baridi yalikuwepo katika milima hii. Msafara haukuyauliza, kwa sababu uliajiri mabega; na mwenye mabega, akiwa chini ya amri na mshahara, hakuwa na ruhusa ya kugeuka alipoliona wingu. Hata kama alisema kwamba panatisha, neno lake lilihesabiwa kuwa ushirikina au uvivu. Sisi twadhani kwamba hofu ile ilikuwa ni elimu ya hali ya hewa katika lugha ya mizimu.

Baada ya hapo milima ikapandwa kwa utaratibu mwingine. Ruwenzori ulikuwa umekwisha kufikiwa kileleni na Duke wa Abruzzi tarehe 18 Juni 1906, naye aliwatumia Wakonzo kwenye sehemu za juu. Upande wa Kongo, baada ya msafara wa Kibelgiji wa mwaka 1932 ulioongozwa na Xavier de Grunne, njia ya Mutwanga ilipata vibanda, na wapagazi wa mlima wakawa watu wa hukohuko mlimani.

Theluji yenyewe inapungua. Mwaka 1906 barafu za Ruwenzori zilifunika takriban kilometa za mraba 6.5, mwaka 2003 zilikuwa hazifiki 1. Wanafunzi wetu watokao Beni, Butembo na Rutshuru wangeweza kutusaidia kwa kukusanya, kutoka kwa wazee waliopanda kama wapagazi au walinzi wa hifadhi, maneno ya Kinande, Kinyarwanda na Kingwana yanayotofautisha theluji inayoanguka, ile iliyoganda, mvua ya mawe na umande mweupe wa alfajiri. Kamusi zetu zina theluji na barafu tu, na mara nyingi hueleza neno moja kwa lingine.