Mchele Ulikuwepo

Mwaka 1943 watu kati ya milioni 2 na 3 walikufa katika jimbo la Bengal, lililokuwa chini ya Uingereza, kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo. Japani ilikuwa imeiteka Burma mwaka uliotangulia, na mchele wa huko ukakoma kuja. Serikali ya kikoloni, kwa kuhofia uvamizi, ilichukua au kuharibu mashua za pwani zilizoweza kubeba watu zaidi ya 10. Fedha za vita zikafurika, bei ikapaa.

Amartya Sen, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa akiishi kwa babu yake Santiniketan, alipewa kopo la sigara: alijaze mchele, aigawie kila familia inayobisha hodi. Kopo moja, basi.

Alipokua akasomea uchumi, na huko akakuta ubishi wa zamani. Mwaka 1920 Arthur Pigou wa Cambridge alikuwa ameandika kwamba shilingi ikitoka kwa tajiri ikaenda kwa maskini, ustawi wa jumla huongezeka, kwa sababu maskini anaihitaji zaidi. Mwaka 1932 Lionel Robbins akampinga. Hakusema maskini wasisaidiwe. Alisema kulinganisha raha ya huyu na dhiki ya yule ni suala la maadili, si sayansi. (Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunausema kwa kulaumu. Robbins aliufanya kanuni.) Kikabaki kipimo cha Mwitaliano Vilfredo Pareto: hali ni bora ikiwa huwezi kumnufaisha mmoja bila kumpunguzia mwingine. Kwa kipimo hicho, kama Sen alivyoonyesha mwaka 1970, nchi ambamo wengine wanasaza na wengine wanakufa njaa inaweza kufaulu mtihani, mradi kuwaokoa kunamgharimu tajiri chochote. Ni kipimo safi sana, na kwa maoni yangu usafi huo ndio ubaya wake.

Mwaka 1981 akarudi Bengal, safari hii kwa takwimu. Chakula cha 1943 kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi cha 1941, mwaka usio na njaa. Hesabu hizo zimebishiwa tangu hapo, lakini orodha ya waliokufa haibishiki sana: vibarua wa mashambani, wavuvi, wachukuzi. Ujira wao haukuifikia bei. Wafanyakazi wengi wa Calcutta waliuziwa mchele wa bei nafuu. Maiti zilizookotwa barabarani mwake zilikuwa za watu waliotoka vijijini.

Swali likawa nani anaweza kukipata chakula, si kipo kiasi gani. Ndiyo maana baadaye Sen na Jean Drèze walitetea kuwapa wenye njaa kazi za umma zenye ujira wa fedha taslimu, kwa kuwa mfanyabiashara hupeleka magunia yake penye wanunuzi.