Mfugaji Jasiri, Mkulima Msiri: Walivyotupima Tabia

Kata ya Mwankoko imo ndani ya Manispaa ya Singida, na wengi wa mjini wanaijua kwa visima vinavyowaletea maji. Mnyaturu wa huku hulima uwele, mtama na alizeti, na papo hapo hufuga. Samadi ya zizini ndiyo inayolisha shamba, na mwaka wa neema nafaka inayozidi hugeuzwa mifugo. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alieleza uchumi huo katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1970. Kumwita mtu wa namna hii mkulima tu, au mfugaji tu, ni kumkata nusu.

Watafiti wengine waliokuja Afrika Mashariki karibu na wakati huo walihitaji kumkata hivyo hivyo. Mwaka 1961 kundi lililoongozwa na Walter Goldschmidt wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilifika na swali zito: je, namna mtu anavyopata riziki ndiyo inayomjenga tabia? Walichagua makabila manne: Wahehe wa Iringa, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Ndani ya kila kabila wakatafuta jamii mbili, moja inayotegemea zaidi jembe na nyingine inayotegemea zaidi ng'ombe. Wanyaturu hawakuwamo, na si ajabu.

Kazi ya kupima nafsi za watu alipewa Robert Edgerton. Alihoji takribani watu 500, wanaume kwa wanawake, katika jamii zote nane. Aliwauliza maswali mengi, akawaonyesha picha za matukio ya maisha ya kwao, kisha akawatolea zile kadi kumi za madoa ya wino zilizochapishwa na daktari wa Uswisi, Hermann Rorschach, mwaka 1921, awaulize wanaona nini. Hebu mfikirie mzee wa Kihehe, kazi zake zinamngoja, ameshikishwa doa la wino na mgeni anayesubiri jibu kwa kalamu mkononi.

Matokeo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1971. Wafugaji, alisema Edgerton, huonyesha hisia zao waziwazi na hukabili ugomvi uso kwa uso. Wakulima huficha, huzunguka, na chuki zao hupitia njia za pembeni, uchawi ukiwa mojawapo. Alitoa na sababu yenye mantiki: mwenye ng'ombe akikosana na jirani anaweza kuhama na mifugo yake, ila mwenye shamba ataamka na jirani yule yule kesho na keshokutwa, kwa hiyo anajifunza kumeza maneno. Lakini takwimu zake zenyewe zilionyesha jambo lililosahaulika haraka: kabila la mtu lilieleza tofauti nyingi kuliko riziki yake. Mhehe mfugaji alifanana zaidi na Mhehe mkulima kuliko alivyofanana na Mpokot mwenye ng'ombe.

Kwa haki, Edgerton alikuwa amepiga hatua kubwa kuliko waliomtangulia. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938, alikuwa ameandika kwamba fikra za Mwafrika mzima wa akili zinafanana na za Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu chake cha mwaka 1953 kilitolewa na Shirika la Afya Duniani, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya uasi wa Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao walitafutiwa kasoro ya nafsi. Edgerton angalau aliwauliza watu wenyewe. Hata hivyo, jibu lake nalo lilihusu kundi, huku majirani wawili wasiofanana wakiachwa bila maelezo.

Nadharia ya sifa za haiba ilianzia kwa majirani hao wawili. Haiulizi mtu ni wa aina gani. Inauliza ana kiasi gani cha kila sifa, kwa kuwa sote tunazo, mmoja nyingi, mwingine kidogo. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno 17,953 yanayoelezea watu. Raymond Cattell akayachuja kwa hesabu, na kipimo chake cha mwaka 1949 kikabaki na sifa 16. Kisha, mwaka ule ule wa 1961 ambao Goldschmidt na wenzake walikuwa wakitimua vumbi Afrika Mashariki, Ernest Tupes na Raymond Christal wa Jeshi la Anga la Marekani walitoa ripoti kuwa sifa zote zinajikusanya katika mafungu matano. Ripoti ile ilipuuzwa kwa miaka mingi. Leo mafungu hayo yako katika kila kitabu cha saikolojia: kupenda mambo mapya, umakini katika kazi, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wepesi wa kutiwa wasiwasi.

Je, matano hayo yanaonekana huku kwetu? Wanauchumi Rachid Laajaj na Karen Macours walipeleka maswali ya namna hii kwa wakulima zaidi ya 900 wa Siaya, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2019 Laajaj, Macours na wenzao walichapisha uchambuzi mpana zaidi, wa watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Majibu yaliyokusanywa ana kwa ana hayakujipanga katika mafungu matano kama yalivyotarajiwa. Kikwazo kimoja kilikuwa neno “ndiyo”. Mtu aulizwe kama ni mchapakazi, ndiyo. Baadaye kidogo aulizwe kama ni mvivu, ndiyo pia. Hata nani anauliza kulibadili jibu. Nisingeita huo udanganyifu. Mgeni amepewa kigoda, ameketi na karatasi zake, na kumkatalia kila anachosema ni utovu wa adabu. Waliojaza maswali wenyewe kwenye intaneti walitoa majibu yaliyokaribia zaidi mpangilio ule.

Gerard Saucier, Amber Gayle Thalmayer na wenzao walishika njia tofauti, wakaanza na maneno ambayo kila lugha inayo ya kumsema mtu. Mwaka 2014 walilinganisha lugha tisa, Kimaasai kikiwamo. Mafungu yaliyojirudia kote yalikuwa mawili tu: kujizuia na kuishi vema na watu, na uchangamfu wa kujitokeza.

Mbali kidogo na Mwankoko, mkoani humu humu, wilaya ya Mkalama ina Wahadzabe, watu wa kuwinda, katika kijiji cha Munguli. Ndugu zao wako kando ya Ziwa Eyasi. Kristopher Smith na Coren Apicella waliwaomba Wahadzabe wawapime wenzao wa kambini kwa tabia, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Watu wanaolala kambi moja na kugawana nyama ile ile hawakukubaliana nani kati yao ana tabia njema.