Uvujaji wa Sili ya Oili katika Trekta Dogo

Sili ya oili ni pete yenye kiunzi cha chuma na mdomo wa mpira, ipachikwayo pale shafti inayozunguka itokapo nje ya nyumba yake, ili oili isalie ndani, na vumbi, tope na maji visipate njia ya kuingia. Katika trekta dogo, yaani lile la nguvu za farasi 15 hivi hadi 50, la jamii ile ambayo Kubota ya Japani ilianza kuipeleka Marekani mwaka 1969 kwa trekta lake la L200, sili za namna hii zapatikana mahali pengi: mbele na nyuma ya krankshafti, kwenye shafti iingiayo giaboksi, kwenye shafti ya PTO izungushayo zana, katika ekseli za nyuma, na katika habu za magurudumu ya mbele iwapo trekta lavuta kwa magurudumu yote manne. Bei ya sili moja ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya trekta, ilhali kazi ya kuifikia yaweza kumaliza siku nzima au zaidi, na kwa sababu hiyo uvujaji wake wastahili kuchunguzwa kwa makini kabla ya spana kushikwa. Aghalabu sili iliyovuja huwa imedhulumiwa na kitu kingine, ama shafti iliyolika, ama beringi iliyolegea, ama tundu la kupumulia lililoziba. Na fundi abadilishaye sili pasipo kukitafuta kitu hicho hujiandalia kuifanya kazi ile ile mara ya pili.

Kabla ya mpira kushika mahali pake, kazi hii ilifanywa na ngozi, na sufu iliyoshindiliwa, na kamba iliyotiwa grafiti. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim nchini Ujerumani, ambayo asili yake ilikuwa ni utengenezaji wa ngozi, ilianza kutengeneza sili za ngozi mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 mhandisi wake Walther Simmer akaistawisha sili yenye springi, ambayo Wajerumani hata leo huiita kwa jina lake. Kamba haikutoweka upesi. Injini za Perkins za silinda tatu zilizotiwa katika matrekta ya Massey Ferguson 35 zilizibwa kwa kamba nyuma ya krankshafti, ndani ya nyumba ya vipande viwili, na mwenye trekta la namna hiyo hana budi kufahamu kwamba unyevunyevu kidogo mahali hapo ulihesabiwa kuwa tabia ya mashine, wala haukuhesabiwa kuwa maradhi.

Ni kosa kudhani kwamba mdomo wa sili huikaba shafti kwa ukavu hata tone lisiweze kupita. Mdomo huo hukaa juu ya utando wa oili ambao unene wake ni takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na utando huo ndio uulindao mpira usiungue. Sili iliyofungwa kavu hufa katika dakika zake za kwanza. Upande wa oili mdomo umechongwa kwa mwinamo mkali, na upande wa hewa kwa mwinamo wa taratibu, hata shafti izungukapo, vinundu vidogo vya mpira visivyoonekana kwa macho huisukuma oili na kuirejesha ilikotoka, huku springi nyembamba iliyozungushiwa mgongo wa mdomo ikiushika mahali pake. Taabu ya kila sili hutegemea mwendo wa shafti yake. Shafti ya PTO yenye kipenyo cha milimita 35, ikizunguka mara 540 kwa dakika kama ilivyo kanuni, hupita chini ya mdomo kwa mwendo wa mita moja tu kwa sekunde, lakini nyuma ya krankshafti, ambako shingo yaweza kuwa na kipenyo cha milimita 80 na kuzunguka mara 2500 kwa dakika, mwendo huo wapindukia mita 10. Mpira wa naitraili, ambao ndio utumikao zaidi, huvumilia joto la nyuzi 100 za Selsiasi hivi, na ukizidishiwa kwa muda mrefu hugumuka na kupasuka. Ule uitwao FKM huvumilia nyuzi 200, na bei yake ni kubwa kwa kadiri hiyo.

Uchunguzi huanza kwa kuosha, wala hakuna njia ya mkato. Trekta lililovuja kwa miezi mingi huwa limejivika tabaka la oili na vumbi, na chini ya tabaka hilo sehemu zote huonekana zina hatia. Lisuguliwe kwa brashi na dizeli, likaushwe barabara, mahali panaposhukiwa pakapakwe poda nyeupe au chokaa laini, na gazeti likatandazwe chini. Ndipo injini iwashwe na kuachwa ipate joto, kwa kuwa oili baridi ni nzito na huweza kuficha ufa ambao oili ya moto huufichua. Macho yaanze juu na mbele, kwa sababu oili hushuka kwa uzito wake na kusukumwa nyuma kwa upepo wa feni, na mahali idondokapo si lazima pawe ndipo itokapo. Mara nyingi gasketi ya kifuniko cha vali huchuruzisha oili kwenye mgongo wa injini mpaka kasha la klachi, na sili ya nyuma ya krankshafti ikalaumiwa bure, trekta likafunguliwa katikati, siku mbili zikapotea, na uvujaji ukaendelea vile vile. Swichi ya presha ya oili nayo huwasingizia wengine kwa namna hiyo hiyo.

Pakisha kuthibitika mahali, rangi na harufu ya oili husema mengi. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi. Oili ya giaboksi katika matrekta madogo mengi ndiyo hiyo hiyo iinuayo mikono ya haidroliki, na hubakia na rangi ya asali safi. Ile ya gia peke yake ina harufu kali ya kiberiti isiyoweza kusahaulika. Tofauti hii ina faida kubwa kuliko zote chini ya kasha la klachi, ambako sili mbili zatazamana: ya krankshafti mbele, na ya shafti iingiayo giaboksi nyuma. Zote mbili humwaga oili yake katika tundu moja dogo lililo chini ya kasha, ambalo katika matrekta mengi limetiwa kotapini itikisikayo ili lisizibwe na uchafu. Tone jeusi laihukumu injini, na tone la rangi ya asali laihukumu giaboksi. Ikiwa kotapini haipo na tundu limeziba, oili hujaa ndani mpaka ikalowesha klachi, na dalili ya kwanza huwa ni klachi inayoteleza au harufu ya kuungua wakati trekta livutapo mzigo.

Baada ya kuijua sili iliyovuja, lisalialo ni sababu yake, na hapa ndipo mafundi wengi hukomea njiani. La kwanza kutazamwa ni tundu la kupumulia, ambalo kila nyumba ya oili inalo. Sili ya kawaida haikuumbwa kukinga shinikizo kubwa. Likipindukia nusu ya shinikizo la hewa tuivutayo, mdomo hugeuzwa au hunyanyuliwa, na tundu lililoziba kwa vumbi na nyasi latosha kulileta shinikizo hilo kila giaboksi ipatapo joto. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, na pengine huwa ndiyo tiba yenyewe. Katika injini, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe ikiwa yanguruma polepole. Moshi ukitoka kwa kishindo na mfululizo, gesi zapita pembeni mwa ringi za pistoni, na sili yoyote itakayotiwa itasukumwa nje kama iliyotangulia. La pili ni kiwango cha oili, kwa maana iliyozidishwa hutafuta pa kutokea. La tatu ni beringi: shafti ishikwe na kusukumwa juu na chini, na ikitikisika kwa namna inayohisika mkononi, mdomo wa mpira hauwezi kuifuata kila iyumbapo. La nne ni shafti yenyewe, ambayo vumbi lililokwama chini ya mdomo huichimba mfuo, na ukucha ukipitishwa juu ya mfuo huo ukakwama, sili mpya peke yake haitafaa kitu. Fauka ya hayo kuna kamba za plastiki, nyavu na nyuzi za katani zilizojizungusha kwenye ekseli, ambazo hujipenyeza mpaka kwenye mdomo na kuukata kimya kimya. Hizi huonekana tu kwa yule avuaye gurudumu.

Si kila unyevu unaostahili kufunguliwa. Sili ya krankshafti iloweshayo kidogo pasipo kufikia klachi, na pasipo kushusha kipimo cha oili kati ya kazi na kazi, yaweza kungojewa hadi klachi yenyewe itakapohitaji kubadilishwa. Lakini ekseli ya nyuma ikivuja kuelekea breki, trekta lisimame siku hiyo hiyo, kwa maana breki moja iliyolowa oili huligeuza trekta upande mmoja linapozuiwa mteremkoni, na trekta dogo hupinduka upesi. Dawa za chupa zitiwazo ndani ya oili ili kuvimbisha mpira zina wateja wengi. Huvimbisha sili zote, nzuri na mbovu, huzilainisha kupita kiasi, wala hazijazi mfuo wa chuma. Mwandishi huyu haoni mahali pake isipokuwa kwa mtu aliye mbali na fundi akihitaji kufika nyumbani.

Sili ya PTO ndiyo nyepesi kuifikia, na ni darasa jema kwa ajifunzaye. Oili humwagwa katika chombo safi, au trekta huegeshwa mteremkoni likielekezwa mbele chini na kuwekewa kabari ikiwa oili ni chache. Kinga ya shafti huondolewa, na uso wa nyumba husafishwa. Sili ya kale hutobolewa tundu dogo katika sehemu ya chuma, skrubu hutiwa, na koleo huivuta. Bisibisi lisitumike kama wenzo juu ya shafti, kwani mkwaruzo mmoja uliokatiza njia ya mdomo ni mlango wa oili. Nambari zilizochapwa juu ya sili, mathalan 35-52-7, ni kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita, na hizi huaminika kuliko kumbukumbu ya muuza spea. Kutu huondolewa kwa msasa laini sana uliozungushwa kuifuata shafti, kamwe usiende kwa urefu wake. Mfuo ukiwapo, sili mpya yaweza kupigwa juujuu au ndani zaidi kwa milimita moja au mbili ili mdomo ukae penye chuma kizima. Mfuo ukiwa mpana, huvikwa bushi nyembamba ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 0.3 hivi, ambayo haibadilishi ukubwa wa sili.

Meno ya shafti hufunikwa kwa utepe au karatasi laini ya plastiki yasije yakaukata mdomo. Mdomo hupakwa oili au grisi, springi yake ikitazama upande wa oili, na sili huingizwa kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake wa nje, kwa mapigo madogo yaliyosawazishwa pande zote. Sili iliyoingia mshazari itavuja hata ikiwa mpya. Zipo, hata hivyo, sili za mdomo mweupe au mweusi mgumu wa tefloni, zitiwazo katika krankshafti za injini za siku hizi, ambazo hutaka shafti kavu kabisa bila grisi wala oili, na hungojewa kwa saa kadhaa kabla ya injini kuwashwa. Maelezo yaliyo ndani ya boksi yasomwe.

Sili ya nyuma ya krankshafti hudai trekta litenganishwe katikati. Betri, nyaya, mipira ya dizeli na ya haidroliki, na vyuma vya usukani na vya akseleta hufunguliwa, na nusu zote mbili hubebwa juu ya vihimili madhubuti, wala si juu ya jeki peke yake. Injini hukaa juu ya ekseli ya mbele kwa pini moja ya katikati, na ikisha kuachana na nusu ya nyuma yaweza kulala ubavuni ghafla. Kwa hiyo kabari za mbao hupigwa pande zote mbili kati ya ekseli na fremu kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa. Trekta likisha kutenganishwa, sili ya shafti ya giaboksi ibadilishwe pia hata ikiwa haijavuja, na klachi iliyolowa itupwe, maana kuiosha kwa petroli hakuirejeshei ukali wake.

Katika mashamba ya mpunga, kama yale ya Mwea nchini Kenya na Mbarali nchini Tanzania, adui mkubwa ni maji yaingiayo. Habu za mbele hufanya kazi chini ya tope, na sili iliyochoka huyapa maji njia kabla oili haijaonekana nje. Oili iliyogeuka kuwa kama maziwa ndiyo dalili, na beringi zilizokaa humo hutiwa kutu zikiwa zimesimama. Kwa trekta la namna hiyo oili ya habu ikaguliwe kila msimu wa kuvuruga tope la mpunga, na si kungoja tone.

Baada ya kufunga, oili hujazwa mpaka alama na si zaidi, injini huendeshwa mpaka ipate joto, na mahali palipotengenezwa hupanguswa na kutazamwa tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Kasha la klachi laweza kuendelea kudondosha mabaki kwa siku moja au mbili. Kipimo cha oili kikibaki pale pale, matone hayo ni ya zamani.