Mbegu na Ukoo Wake

Tumezoea kuhubiriwa punje ya haradali, kitu kidogo kinachokuwa kikubwa. Ni nadra kuulizana mkulima aliipata wapi punje ile. Historia ya maboga makubwa inatulazimisha kuuliza.

Mwaka 1900 William Warnock, mkulima wa Goderich huko Ontario, Kanada, alipeleka kwenye maonyesho ya Paris boga la ratili 400, yaani kama kilo 181. Miaka michache baadaye alipeleka jingine St. Louis, Marekani, likalizidi lile la kwanza kwa ratili 3 tu. Rekodi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Muda wote huo watu walitia samadi na kumwagilia, na mzani haukusogea. Kwa maoni yetu, kilichopungua hakikuwa samadi.

Mwaka uleule wa 1900 wataalamu wa mimea waliifufua kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa Kiagostino wa Brno. Alikuwa amepanda njegere katika bustani ya monasteri, akahesabu uzao wao kizazi kwa kizazi, akachapisha matokeo mwaka 1866. Alifariki mwaka 1884 akiwa abate, na wachache mno walikuwa wamemwelewa. Alichoona ni kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kama maziwa ndani ya chai. Sifa hujificha katika kizazi kimoja na kujitokeza katika kingine.

Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa na shamba na subira ya miaka mingi. Mboga hii huwa na maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na nyuki hachagui. Kwa hiyo anayetafuta mbegu hulifunika ua jike jioni, kabla halijachanua. Asubuhi hulipaka chavua ya ua dume alilolichagua mwenyewe, kisha hulifunika tena. Nyuki akitangulia, ukoo umepotea. Kuanzia 1979 hadi 1982 Dill alishinda mashindano ya dunia miaka minne mfululizo. Boga lake la 1981 lilikuwa na kilo 224. Karibu maboga yote ya rekodi tangu hapo yametokana na mbegu yake, Atlantic Giant. Wakulima huandika kwa kila mbegu uzito wa boga mama, jina la aliyelilima na mwaka, mithili ya ule ukoo wa mwanzo wa Mathayo ambao wengi wetu huuruka. Mwaka 2023, Half Moon Bay, California, boga la Travis Gienger lilifikisha kilo 1,247.

Lakini walichagua uzito, nao wakapewa uzito. Mengi ya maboga haya hulala bapa kama gunia lililotupwa, rangi imefifia, nyama ina maji na haina ladha. Mengine hupasuka shambani yakingali yanakua, yakaondolewa mashindanoni.

Mama zetu hutenga mbegu baada ya kuonja boga.