Moma wa Kakamega ajifichaye majanini

MSITU wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni makao ya nyoka wa jamii ya moma aitwaye kitaalamu Bitis gabonica. Ngozi yake yenye madoa ya hudhurungi, zambarau na manjano hafifu hufanana mno na majani makavu, hata mwokota kuni aweza kumkanyaga bila kumwona. Hawindi kwa kukimbiza. Hulala kimya, pengine siku kadhaa, hadi panya apite karibu. Meno yake ya sumu hufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Ni mpole ajabu, na huuma kwa nadra. Hata hivyo, aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe na kufikishwa hospitalini upesi.