Malale: Vidonge vyachukua nafasi ya sindano ya aseniki

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilipeleka vitambaa na kurudi na pembe za ndovu, mizigo yote ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o, au ndorobo, ambaye katika misitu ya miombo alieneza nagana na kuua wanyama wa mizigo. Nzi huyo ndiye pia huambukiza binadamu ugonjwa wa malale.

Aina ya malale inayopatikana Afrika Mashariki, tofauti na ile ya Kongo na magharibi, ni kali na huweza kuua katika muda wa miezi michache. Kimelea chake kina ujanja wa pekee. Damu ya binadamu ina protini inayoangamiza vimelea vya nagana, lakini hiki kina protini yake ya kuizuia. Aidha, hubadilisha koti lake kila kinga ya mwili inapoanza kulitambua, ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo.

Kwa miongo mingi, mgonjwa ambaye vimelea vilikuwa vimemwingia kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoprol, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949. Sindano hiyo huunguza mishipa, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), madhara yake katika ubongo yaliua kati ya asilimia 3 na 10 ya waliotibiwa. Ni dawa ambayo daktari aliitoa kwa sababu tu hakuwa na nyingine.

Mwaka 2005 taasisi isiyo ya kibiashara ya DNDi iliifufua feksinidazo, dawa ya kumeza iliyokuwa imetelekezwa na watengenezaji wake. Baada ya kufanikiwa kwa aina ya Kongo, ilijaribiwa kwa aina ya mashariki huko Rumphi, Malawi, na katika hospitali ya Lwala, Uganda, kuanzia mwaka 2019 hadi 2022. Washiriki walikuwa 45 tu, na 35 kati yao ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Idadi hiyo ni ndogo kwa sababu ugonjwa wenyewe ni adimu. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kumpa mtu aseniki kwa ajili ya ulinganisho tu kusingekuwa haki. Hakuna kifo kilichohusishwa na dawa hiyo.

Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliridhia matumizi hayo, na mwaka 2024 WHO ikaifanya kuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Watoto wadogo zaidi bado hutegemea sindano.

Vidonge humezwa kwa siku 10, baada ya chakula, kwani bila chakula dawa haiingii mwilini ipasavyo. Kutapika na kuumwa kichwa ni kawaida, hivyo mgonjwa husimamiwa na wahudumu.

Kwa warina asali na wavuvi wanaokaa wiki kadhaa katika misitu ya Urambo, Kaliua na Sikonge, tatizo linalobaki ni utambuzi. Homa ya malale hufanana na ya malaria, na wagonjwa wanapokuwa wachache mno, mhudumu wa zahanati anaweza kumaliza miaka bila kumwona hata mmoja. Anayetoka porini na homa isiyosikia dawa ya malaria anapaswa kueleza alikokuwa, na kuomba damu yake ichunguzwe kwa hadubini.