Panki, Jazi na Kiambishi ki-

Mtajie mtu wa Mwanza mapanki, atawaza samaki: vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishasafirishwa. Mwingine atakumbuka mtindo wa kunyoa nywele. Muziki utafuata baadaye, ukifuata. Jazi nayo ilituingilia kwa mlango wake. Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na kule Léopoldville OK Jazz ya akina Franco iliyoanza mwaka 1956, zote zilipiga rumba na dansi. Jazi ilikuwa cheo cha bendi, wala hakuna aliyedai fidia kwa kukosa kusikia swingi. (Jazba haimo katika ukoo huu. Hiyo ni ya Kiarabu, ingawa masikio yangu huzipatanisha kila mara.)

Kwa hiyo anayetaka kueleza kwa Kiswahili kilichotokea New York mwishoni mwa miaka ya 1970, panki na jazi zilipokutana, anashika maneno mawili ambayo tayari yana shughuli nyingine.

Zilikutana kwa ujirani kwanza. Klabu ya CBGB ilikuwa mtaa wa Bowery, na mwenyewe, Hilly Kristal, aliwahi kuwa meneja wa Village Vanguard, klabu ya jazi. Hatua chache kutoka hapo, Bond Street, mpuliza saksafoni Sam Rivers alikuwa amegeuza jengo la kazi kuwa ukumbi, akauita Studio Rivbea. Kodi ilikuwa nafuu, na vijana wasiojua nota waliweza kusikia watu waliozijua mpaka wakazichoka.

Watoto wa ujirani huo walipewa majina ya kukana. Mwaka 1978 Brian Eno alitayarisha albamu ya bendi nne, ikaitwa No New York; mkondo wenyewe ukaitwa nowevu, kwa kuibeza niuwevu iliyokuwa ikiuzika. Jina hilo linakataa, halielezi. Ukilisoma hujui kama utasikia gita au sufuria.

John Lurie wa Lounge Lizards alikwenda mbali zaidi: muziki wa bendi yake aliuita jazi feki. Hapa Kiswahili kinanoga, maana tuna feki na tuna bandia, na hazifanani. Meno bandia yanatafuna, na mwenye nayo hakuficha kitu kwa daktari. Simu feki ya mtaani imetengenezwa ili mnunuzi aibiwe. Albamu ya kwanza ya Lounge Lizards, ya mwaka 1981, ilitayarishwa na Teo Macero, yuleyule wa Miles Davis, na ndani yake mna tungo mbili za Thelonious Monk. Hakuna aliyeibiwa hapo. Kwangu hiyo ni jazi bandia, tena inatafuna vizuri. Lurie mwenyewe alikuja kukerwa na jina lake, lakini lilikuwa limeshaganda.

Sasa tuziunganishe. Tukisema jazi ya panki, ule -a unadai umiliki, na hakuna aliyemmiliki mwenzake. Afadhali ki-, kiambishi cha mwenendo: mtu huvaa kihuni bila kuwa mhuni. James Chance wa Contortions alipuliza alto kwa vishindo, akashuka jukwaani kuwashika watazamaji mashati; chini yake mna mapigo ya fanki ya James Brown na hasira ya Bowery. Hiyo naiita panki ya kijazi. John Zorn ni kinyume chake. Katika Spy vs Spy ya mwaka 1989 tungo zote ni za Ornette Coleman, alto mbili na wapiga ngoma wawili, kasi ikiwa ya hadikoo. Jazi ya kipanki, bila ubishi.

Kanuni yangu inakwama Bristol, Uingereza. Rip Rig + Panic walijiita kwa jina la albamu ya Roland Kirk ya mwaka 1965, na mwimbaji wao alikuwa Neneh Cherry, aliyelelewa na Don Cherry, mpiga tarumbeta wa Coleman. Kumwambia Neneh kwamba anaimba kijazi ni kama kumwambia Mpemba kwamba anaongea kipemba kwa kuigiza. Kwao naacha ki- na naacha -a. Naandika panki na jazi.